Mwenye Ngamia Ataje Chapa

Kabale Jattani alikuwa na kiburi, na wala hakukificha. Kiburi chenyewe kilikuwa cha jambo moja tu: tangu azaliwe hajawahi kula cha mtu. Pale sokoni Isiolo alipouzia maziwa ya ngamia, ukisahau jerikeni lako utalikuta limeoshwa, limeanikwa, na utatukanwa kidogo kwa uzembe wako. "Hii ni mali ama ni takataka?" atakuuliza. "Kama ni mali, mbona umetupa?"

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyesababisha binti yake aitwe mwizi mbele ya dunia nzima. Dunia haina adabu, lakini tuanze mwanzo.

Asubuhi moja, kabla ya mvua ndefu, mbuzi wake mmoja alitoroka akapanda vilima vya mawe nyuma ya mtaa wa Wabera. Kabale akamfuata huku akimlaani yeye na ukoo wake wote. Alimkuta anatafuna kichaka bila wasiwasi. Alipoinama kuokota fimbo ya kumchapa, akaona kopo la plastiki limesukumwa katikati ya mawe mawili na kuzibwa kwa kokoto. Akalivuta, akalifungua. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa yenye majina ya watu na maneno ya Kizungu, shanga kadhaa, kifutio, na gari la mtoto lisilo na magurudumu. Michezo ya watoto, akajisemea, akataka kulirudisha. Ndipo kitu kikagonga chini ya kopo.

Alikuwa ngamia. Ngamia jike wa shaba, mdogo kama kidole gumba, nundu imekaa sawasawa, shingo imesimama kwa maringo. Na shingoni, kwenye mnyororo mwembamba, kilining'inia kibati kilichochongwa herufi na nambari.

Kwa mtu mwingine hicho ni kidude tu. Kwa Kabale, aliyekulia nyuma ya ngamia, mnyama mwenye chapa ana mwenyewe, na mnyama mwenye mwenyewe akionekana kilimani bila mchungaji amepotea. Hakuna maelezo mengine. Shanga hazikuwa na chapa, akaziacha. Gari halikuwa na chapa, akaliacha. Ngamia akamfunga kwenye pembe ya leso, akamswaga mbuzi, akashuka.

Alikwenda moja kwa moja soko la mifugo kwa Dullo, ndugu wa marehemu mumewe. Dullo ndiye mwenye sauti pale. Mnyama akipotea, yeye humtangaza siku ya soko, na sheria inajulikana na kila mtu: anayedai ataje chapa kabla hajaonyeshwa mnyama. Asiyeijua chapa aende zake.

"Shemeji," Dullo akasema, akimgeuzageuza ngamia kiganjani, "hii ni urembo tu."

"Ana chapa."

"Halafu dini yenyewe imesema ngamia aliyepotea aachwe. Ako na maji yake tumboni na miguu yake. Atafika kwao."

"Huyu tumbo liko wapi? Nionyeshe tumbo, Dullo. Na hii miguu itamfikisha wapi, hata kizingiti hawezi kuvuka!" Kabale akamnyang'anya. "Kitu cha kuokota hutangazwa mwaka mzima. Tangaza. Ama chai kwangu sahau."

Dullo alipenda chai. Akapanda juu ya jiwe lake, akatangaza kwamba amepatikana ngamia wa shaba, mdogo kama kidole, ana chapa, mwenyewe aje ataje. Soko lote likaangua kicheko. Hata hivyo, watu ni watu, wadai hawakukosekana. Kijana mmoja wa bodaboda alikuja mbio akasema chapa ni nyota. "Potea hapa," Kabale akamwambia. Mzee mmoja akadai ni hirizi ya babu yake.

"Chapa?"

"Babu ndiye alijua."

"Basi babu aje mwenyewe."

Gaceri, mama wa Kimeru aliyeuza miraa meza ya pili, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama Ikra! Na mwenyewe akikosekana, utamkamua?"

"Nitamkamua, na wewe nitakunyima."

Wakacheka, lakini Kabale hakuwa akitania. Alimweka ngamia kwenye kabati la vioo nyumbani, juu ya kitambaa cheupe, mahali ambapo watu wengine huweka vikombe vya wageni. Akawa anampangusa kwa majivu na ndimu, mpaka akamjua mwili mzima kama alivyowajua ngamia wa baba yake. Kila siku ya soko alimkumbusha Dullo atangaze. Na kila jioni, akifunga kabati, moyo wake ulitulia. Mali ya mtu iko salama, alijiambia. Wallahi iko salama.

Binti yake, Ikra, hakujua lolote. Alikuwa nesi huko Garissa, na tangu Idi hakuwa amerudi. Kwenye simu walizungumza habari za mvua, bei ya maziwa, na lini Ikra ataolewa, na hilo la mwisho lilimaliza maongezi kila mara. Hakuna aliyepata nafasi ya kutaja ngamia wa shaba.

Ikra alipopata likizo, alishuka kwenye gari akiwa amekonda. Alisalimia, akala vijiko viwili vya pilau, akasukuma sahani. Sasa, mtoto wa Kabale kusukuma sahani ya pilau, hiyo si habari ndogo. Mama yake akamkazia macho.

"Ni mwanamume?"

"Hapana, mama."

"Umefukuzwa kazi?"

"Hapana! Ni mambo ya mchezo tu. Hutaelewa."

"Nimeelewa ngamia, nitashindwa na mchezo?"

Ikra akavuta pumzi, akaeleza. Kuna mchezo wa dunia nzima, unaitwa geocaching. Mtu anaficha kopo mahali pazuri, anaandika mtandaoni liko wapi, na wengine wanalitafuta kwa simu zao. Ukilipata, unatia jina kwenye karatasi iliyomo, kisha unaandika mtandaoni kwamba umelipata, ulivyofika na ulivyoona. Halafu kuna vitu vya safari. Hivyo vina nambari. Ukikuta kimoja unakichukua, unakipeleka kwenye kopo jingine, unaandika kimetoka wapi kimefika wapi, na mwenyewe, hata kama yuko ng'ambo, anafuata safari yake kama mtu anayefuata nyayo. Ikra alikuwa na kopo lake hapa Isiolo. Wageni walilitafuta, wakaandika maneno mazuri juu ya mji wao, na yeye alikuwa akiyasoma zamu ikiisha, akajivuna.

"Kuna mama mmoja mzee wa Ufini anaitwa Helmi," Ikra akaendelea. "Alitengeneza kitu chake kwa mkono, umbo la ngamia, akataka kifike kila nchi ya ngamia. Kimepita Mongolia, kimepita India, kimepita Omani. Mimi ndiye niliandika, mama. Nilisema mleteni kwetu, huwezi kusema umemaliza nchi za ngamia kama hujafika Isiolo. Mtalii mmoja akamleta akamweka kwenye kopo langu. Nililala nikicheka siku hiyo."

Kabale akaacha kutafuna.

"Halafu akapotea. Wageni watatu wamefungua kopo, hayuko. Hakuna aliyeandika kwamba amemchukua. Sasa angalia." Ikra akamsomea kutoka kwenye simu maneno ya mtu mmoja anayejiita Mzururaji, akiyageuza Kiswahili. "'Msipeleke kitu Isiolo. Kopo la Isiolo ni kaburi la wasafiri. Vikiingia havitoki. Huyo nesi aliyemwita ngamia aje kwake, mwulizeni amemuuza wapi.'" Akaitupa simu mezani. "Watu wameisoma dunia nzima. Nitaliondoa hilo kopo, na jina langu nitalifuta. Siwezi tena."

Kabale aliona aibu. Si aibu ile ya kumwaga uji mbele ya wakwe. Hii ilianzia utosini ikashuka mpaka kwenye nyayo. Aliinuka, akafungua kabati, akarudi na kitambaa cheupe, akakikunjua mezani.

Ikra aliangalia ngamia. Akamwangalia mama yake. Akaangalia ngamia tena.

"Mama!"

"Nilimwokota."

"Hukumwokota, ulimtoa! Alikuwa kwenye kopo!"

"Na nani anaweka ngamia wa watu kwenye kopo, porini, bila mchungaji? Nani amekufundisha hiyo? Baba yako angesikia!"

"Karatasi ilieleza!"

"Kwa Kizungu! Mimi na Kizungu tumesalimiana lini?"

Walipiga kelele hadi Gaceri, akipita njiani, akachungulia dirishani kuuliza kama kuna msiba. Ikra akacheka, akalia, akacheka tena, akampigapiga mama yake begani kwa ngumi ndogo kama alipokuwa mtoto. Soko lote linajua, hata waendesha punda wanajua, na yeye huko Garissa amekonda bure! Mwisho akajipangusa uso, akanyoosha mkono.

"Haya, nipe. Naandika sasa hivi kwamba amepatikana, nampeleka kopo la Garissa, yaishe."

"Sikupi."

"Nini?"

"Sikupi, Ikra." Kabale alifunika ngamia kwa kiganja. "Fikiria. Mwizi akibanwa hufanya nini? Hurudisha kimyakimya. Wewe ukiandika leo 'ooh, amepatikana', huyo Mzururaji wako atasema nini? Atasema binti aliona moto, akatoa. Utabaki na hilo jina mpaka uzeeke, na mimi ndiye nimekupa kwa mkono wangu. Hapana. Mnyama wa watu hatolewi hivyo. Aje mwenyewe, mchana, mbele ya watu, ataje chapa. Akitaja, atachukua mali yake, na kila mtu atajua ilikuwa inalindwa, haikuwa imefichwa."

"Mama, ako Ufini."

"Simu yako inafika Mongolia, itashindwa na Ufini?"

Ikra akaanza kumwandikia Helmi. Kumbe nambari ile ya kibatini, akasema akiandika, hata kwenye mchezo ni siri. Haiandikwi hadharani. Anaijua mwenyewe na yule aliyeshika kitu mkononi, basi.

"Unaona?" Kabale akasema. "Hao watu si wajinga kabisa."

Helmi alijibu kwamba atakuja kwenye simu kesho yake baada ya saa sita. Kabale hakulala usingizi mzuri, ila asubuhi aliamka na shughuli zake. Alipita kwa Ekai, mfua vyuma wa Kiturkana anayetengeneza bangili, wakanong'onezana kwa muda mrefu. Hakumwambia mtu walichosema.

Saa ilipofika, meza ya maziwa iligeuka baraza. Dullo alikuja na kofia yake ya Ijumaa. Gaceri aliacha miraa yake chini ya gunia lenye maji akajisogeza. Bodaboda wakazima pikipiki. Ikra aliegemeza simu kwenye jerikeni, na uso wa mwanamke mzee ukatokea, nywele nyeupe fupi, miwani puani, nyuma yake dirisha la baridi. Ikra akawa mkalimani.

"Mwambie salaam aleikum," Kabale akaanza. "Mwambie mimi ndiye Kabale. Nilimwokota ngamia kilimani, sikujua ni mchezo, na nimemtangaza kila siku ya soko. Dullo huyu ni shahidi. Akitaja chapa, namwachilia. Asipotaja, anisamehe, hata kama ni mzee kama mama yangu."

Helmi alisikiliza, akaitikia kwa kichwa pole pole. Akaanza kutaja. Herufi ya kwanza, Kabale akaifuata kwa kidole kwenye kibati. Sawa. Ya pili, sawa. Nambari, sawa. Watu wakasogea. Alipofika ya mwisho, akasema tisa.

Kabale hakutikisika. Kwenye kibati palikuwa na nne.

"Si hiyo," akasema.

Helmi akashika paji la uso. Akasema ni muda mrefu, karatasi yake imepotea alipohama nyumba, na macho si yale. Sita? akauliza. Au saba?

"Mama, tafadhali," Ikra akanong'ona, machozi yameshajaa. "Ni nambari moja tu. Ni yeye. Kila mtu anajua ni yeye."

"Aki mwambie tu," Gaceri akasema. "Mama wa watu."

Hapo Kabale aliumia, tusidanganyane. Akimkataa, ngamia atabaki kabatini, na jina la mtoto wake litabaki matopeni, na yote kwa sababu ya kichwa chake kigumu. Lakini akimsaidia, huo ushahidi una kazi gani? Mwenye mali hasaidiwi.

"Mwulize," akasema kwa sauti ndogo. "Chapa hupigwa hata na mtu mwingine. Mwulize anamjua ngamia wake, ama anajua nambari tu?"

Ikra akauliza. Yule mama akavua miwani, akainua mguu wake mwenyewe wa kushoto, akaugusa kisigino, akaanza kuongea haraka mpaka Ikra akamsihi apunguze mwendo.

"Anasema... anasema siku aliyokuwa anamtengeneza, tupa iliteleza. Ikakwaruza chini ya unyayo wa mguu wa nyuma, wa kushoto. Alikasirika, akataka kumyeyusha aanze upya. Halafu akamwonea huruma."

Kabale hakumgeuza ngamia. Hakuwa na haja. Mkwaruzo ule aliupangusa kwa ndimu miezi yote hiyo, na hajamtajia mtu hata mmoja. Alimpa Dullo ngamia. Dullo akaugeuza unyayo juani, akaangalia, akainua kichwa.

"Ni yeye mwenyewe!" akanguruma, na soko likalipuka kwa vigelegele.

Ikra alikuwa analia waziwazi. Helmi naye huko kwao analia, miwani mkononi. Kabale akapaza sauti juu ya kelele: "Ngoja! Bado sijamaliza!"

Akaingiza mkono ndani ya mtandio, akatoa kitu cha Ekai. Ndama wa ngamia, mdogo kama punje ya mahindi, amefuliwa kutoka kipande cha bomba la shaba. Miguu mirefu, haina mpango, kama ya ndama yeyote wa kweli. Akamsimamisha ubavuni mwa yule mkubwa, mbele ya simu.

"Mwambie ngamia jike akikaa kwa mtu muda wote huu, harudi kwao mtupu. Akizaa, kilichozaliwa ni cha mwenyewe. Mimi sijawahi kurudisha mnyama wa mtu akiwa pungufu, na sitaanzia kwake."

Dullo aligeuka pembeni akajifanya anakohoa. Gaceri hakusema utani hata mmoja, na hiyo kwake ni ibada. Ikra alitafsiri, na alipomaliza akamwangalia mama yake kwa namna ambayo Kabale hakuiona tangu binti huyo aingie chuo na kuanza kujua mambo. Kulikuwa na fahari ndani ya macho yale. Kabale akajifanya anapanga jerikeni.

Kabla Ikra hajarudi kazini, waliwapeleka wale ngamia wawili wa shaba malishoni kwa ngamia wa Dullo. Kama amekuja kuona nchi ya ngamia, Kabale alisema, basi aone ngamia, asiseme Isiolo aliona kopo na kabati. Ikra akawapiga picha mama na ndama wakiwa juu ya nundu ya ngamia mkubwa mwekundu, ambaye hakufurahia. Kisha akawabeba mpaka Garissa, akawaweka kwenye kopo la huko, akaandika yote mtandaoni: wametoka wapi, wamefika wapi, na nani aliyewalinda.

Ijumaa iliyofuata simu ya Kabale ililia akiwa sokoni.

"Mama, Helmi ameandika kwenye ukurasa wa kopo letu. Mahali palepale pa yule Mzururaji, chini yake tu. Nikusomee?"

"Ngoja." Kabale akabonyeza simu ili wengine wasikie, akaiinua juu ya jerikeni. "Soma."

"'Mimi ndiye mwenye ngamia. Nimemtuma nchi nyingi, na kila mahali aliguswa na watu wema. Isiolo peke yake ndiko walikokataa kunirudishia mpaka nithibitishe kwamba ni wangu. Anayetaka kujua kama kuna wezi huko, ajue hivi: nilituma mmoja, wamenirudishia wawili.'"

Halafu Ikra akasema Mzururaji amefuta maneno yake, na watu wameanza kuuliza kama kopo la Isiolo bado lipo, wana vitu wanataka vipite huko, vikiwezekana vilindwe na yule mama.

"Na wewe jina lako umelifuta?" Kabale akauliza.

"Nilifute niende wapi? Nimeongeza lako. Kopo sasa ni la Kabale na Ikra."

Kabale akageuka upande ili watu wasimwone uso.

"Ikra."

"Naam, mama."

"Soma tena, pole pole. Gaceri hakusikia vizuri."

"Nimesikia!" Gaceri akalalamika.

"Hakusikia," Kabale akasema. "Soma."